Kompyuta Inayofuata Elektroni Ndani ya Gesi

Ndani ya kigunduzi cha ALICE, katika maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna pipa kubwa lenye urefu wa mita 5. Limejaa neoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi na nitrojeni. Chembe yenye kasi ikipita humo hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi za gesi, na umeme wa volti 400 kwa kila sentimita huzivuta elektroni hizo hadi kwenye ncha za pipa, ambako hunaswa.

Kigunduzi hupima muda waliotumia wasafiri hao wadogo kufika. Muda ukizidishwa kwa kasi, umbali unapatikana, na njia ya chembe inachorwa nukta kwa nukta. David Nygren ndiye aliyebuni mbinu hii mwaka 1974. Kasi ikikosewa kwa asilimia 1 tu, elektroni iliyotoka umbali wa mita 2.5 itaonekana imehama sentimita 2.5. Kwa watafiti wanaotaka usahihi wa chini ya milimita, hilo ni kosa kubwa mno.

Tatizo ni kwamba elektroni hainyooshi njia. Hugonga atomi, ikatupwa kando, hata nyuma, kisha ikavutwa tena mbele. Na vipo vituko. Katika gesi ya agoni, elektroni yenye nishati ndogo hupenya atomi kana kwamba hazipo. Carl Ramsauer aligundua jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ni fizikia ya kwanta pekee iliyoweza kulieleza. Ndiyo maana ukiongeza kaboni dayoksaidi kidogo, ambayo molekuli zake huinyang'anya elektroni nishati, elektroni husonga mbele haraka zaidi badala ya kupungua mwendo!

Hakuna kanuni fupi ya kubeba yote hayo. Programu ya Magboltz, ya Stephen Biagi, hufuata elektroni mgongano baada ya mgongano, ikiamua kwa bahati nasibu igonge nini na iruke upande gani, mpaka wastani wa kasi utulie. Garfield, iliyoanzishwa na Rob Veenhof miaka ya 1980, huchukua matokeo hayo na kuyaingiza katika umbo halisi la kigunduzi.

Kazi haiishii hapo. Ayoni chanya, yaani atomi zilizong'olewa elektroni, ni nzito na husafiri polepole kuliko elektroni kwa zaidi ya mara elfu. Katika ALICE, viini vya risasi vikigongana mara 50,000 kwa sekunde, ayoni za maelfu ya migongano hurundikana ndani ya pipa na kupinda njia za elektroni kwa sentimita kadhaa. Upindaji huo lazima uhesabiwe na kuondolewa.

Hata hivyo, uigaji huu wa kompyuta hauzidi ubora wa vipimo vinavyoulisha: uwezekano wa kila aina ya mgongano, kwa kila gesi, uliopimwa maabara. Toleo jipya, Garfield++, linapatikana bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia. Mwanafunzi wa fizikia asiye na mtambo wowote karibu naye alipakue, abadilishe mchanganyiko wa gesi, aone kasi inavyogeuka.