Kushona Kitambaa cha Fulana

Pengine unajua kushona gauni la kitenge au kaptura ya kaki. Siku moja jirani anakuletea fulana kubwa ya mtumba. Anataka uipunguze imfae mtoto wake. Unaikata na kuishona kama unavyoshona siku zote. Mtoto anaivaa. Akiinua mikono, mshono unafumuka. Au shingo haipiti kichwani kabisa. Jirani amepoteza fulana, na wewe umepoteza mteja. Cherehani yako si mbovu. Kitambaa cha fulana ni cha namna nyingine, nacho kina taratibu zake.

Chukua khanga uivute kwa mikono miwili, kutoka pindo hadi pindo. Haivutiki. Sasa vuta fulana. Inavutika, na ukiiachia inarudi. Kwa nini? Khanga imefumwa kwa nyuzi za namna mbili. Nyingine zinakwenda kwa urefu, nyingine zinapita kwa upana, juu na chini, juu na chini. Kila uzi umenyooka. Uzi ulionyooka ukiuvuta hauongezeki.

Uzi wa fulana haukunyooka. Umepindwa ukawa vitanzi vidogo vidogo, na kila kitanzi kimepita ndani ya kingine. Ukivuta, vitanzi vinapanuka. Ukiachia, vinarudi. Vitanzi vya fulana ni vidogo mno. Tazama sweta la mtoto wa shule, hapo utaviona vizuri.

Ukishaelewa vitanzi, utaelewa pia habari ya sindano. Sindano kali ikikata uzi wa kitanzi kimoja, kitanzi cha jirani yake hukosa kitu cha kukishikilia. Nacho huachia. Ndiyo maana tundu dogo kwenye fulana huwa kubwa kila unapoifua. Zipo sindano za cherehani zenye ncha ya mviringo kidogo. Hizo hazikati uzi, bali husukuma vitanzi na kupita katikati. Mwambie mwenye duka kwamba unataka sindano ya kushonea fulana. Namba 11 hufaa kitambaa chepesi, namba 14 kitambaa kizito. Ukiikosa, tumia sindano mpya nyembamba. Usijaribu kusugua ncha ya sindano kwenye jiwe. Itapata mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo itakayokata nyuzi.

Mshono nao lazima uvutike. Kitambaa kikivutika na uzi wa mshono ukakataa, uzi utakatika. Kama cherehani yako inashona zigizaga, tumia zigizaga nyembamba. Cherehani nyingi za kukanyaga hushona mstari mnyoofu tu. Hizo pia zinafaa. Tumia uzi wa poliesta, kwa maana uzi wa pamba hukatika upesi. Legeza uzi wa juu kidogo. Unaposhona, shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano, ukivute kidogo tu. Ukikivuta sana, mshono utakuwa na mawimbi. Jaribu kwanza kwenye kipande ulichokata, kisha ukivute kwa nguvu. Heri ufumuke mkononi mwako.

Kabla ya kukata, tafuta upande unaovutika zaidi. Mara nyingi ni upana. Upande huo ndio uzunguke mwili. Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe kwanza, kwa sababu hurudi kikifuliwa. Kisha kitandaze chote juu ya meza. Upande mmoja ukining'inia, uzito wake utavuta vitanzi, nawe utakata vipimo vya uongo.

Sasa tuje kwenye shingo, ambayo huwashinda wengi. Ukosi wa fulana hukatwa mfupi kuliko tundu la shingo, ili ulale vizuri bila kubenuka. Tundu likiwa sentimeta 40, ukosi uliokwisha kuunganishwa uwe kama sentimeta 35. Lakini je, kichwa kitapita? Pima kichwa cha mtoto. Tuseme ni sentimeta 50. Halafu pima sentimeta 10 za kitambaa cha ukosi, uzivute mpaka mwisho. Zikifika 15, ukosi wa 35 utafika zaidi ya 52. Kichwa kitapita. Zikifika 12 tu, ukosi utafika 42. Mtoto atalia, na ukosi utapasuka. Hapo tafuta kitambaa kingine cha ukosi, au panua shingo. Mara nyingi ukosi wa fulana kuukuu huvutika vizuri kuliko kitambaa cha mwili wake, kwa hiyo usiutupe.

Mabega ni kinyume. Hayo hayatakiwi kuvutika, kwani ndiyo yanayobeba fulana nzima. Shonea utepe mwembamba ndani ya mshono wa bega.

Pindo la chini waweza kuliacha bila kulikunja, kama una kazi nyingi. Halitachambuka nyuzi kama kitenge. Litajiviringisha kidogo tu.