Kabla ya Kulipia Kipimo cha Vinasaba vya Unene

Mwaka 2007, kampuni ya 23andMe ya California ilipoanza kuuza kipimo cha vinasaba cha kujifanyia nyumbani, bei yake ilikuwa dola 999. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 ilikuwa imeshuka hadi dola 99. Unatema mate kwenye kichupa, unakituma kwa posta, na baada ya wiki kadhaa unasoma majibu kwenye simu: asili ya mababu, hatari za maradhi na, tangu mwaka 2017, taarifa ya uzito inayokuambia kama umerithi mwelekeo wa kuwa mzito kuliko wastani. Leo kampuni zinazouza kitu cha namna hiyo ni nyingi, na baadhi huambatanisha mpango wa chakula, virutubisho na ada ya kila mwezi. Ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza huvikuta vipimo hivi madukani, na matangazo yake hayamkosi hata aliyeko Nairobi au Dar es Salaam mwenye simu mkononi. Mnunuzi anapaswa kujiuliza jambo moja: kwa pesa hiyo napata nini ambacho siwezi kukipata kwa bei nafuu zaidi?

Sayansi iliyo nyuma ya vipimo hivi si ya kubabaisha. Mwaka 1986 watafiti waliwachunguza watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasio wao wa kuzaa. Uzito wao ulifuata wa wazazi waliowazaa, si wa wale waliowalisha tangu utotoni. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake huko Quebec waliwalisha pacha wa kufanana, jozi 12, kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa siku 100. Chakula cha ziada kilikuwa kilekile, lakini mmoja aliongezeka kilo 4 na ushei na mwingine akapita kilo 13, na pacha walikaribiana wao kwa wao kuliko walivyokaribiana na jozi nyingine. Kwa hiyo anayemwambia jirani yake mnene kwamba ni mlafi tu asiye na nidhamu anasema jambo ambalo utafiti ulishalikataa miaka mingi iliyopita. Nalisema hili mapema kwa sababu aibu ndiyo inayowasukuma wengi kununua vipimo: wanataka karatasi itakayowatetea.

Vinasaba hivyo ni vipi? Mwaka 2007 lilitangazwa eneo la jeni iitwayo FTO. Mtu aliyerithi nakala mbili za herufi ya hatari, yaani herufi ya DNA inayohusishwa na uzito mkubwa, moja kwa baba na moja kwa mama, huwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya asiye na hata moja. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya, karibu mmoja katika kila sita anazo zote mbili. Mwaka uliofuata likapatikana eneo jirani na MC4R, jeni inayofanya kazi kwenye ubongo, mahali njaa na shibe zinapodhibitiwa. Kisha orodha ikarefuka: maeneo 97 mwaka 2015, alama 941 mwaka 2018, na nyingi za jeni zilizotajwa zinahusika na ubongo na hamu ya kula. Ni haba na haba inayojaza kibaba. Alama moja peke yake kwa kawaida huongeza uzito kidogo mno, lakini zikikusanyika kwa mtu mmoja uzito huonekana. Mwaka 2019 timu ya Amit Khera huko Boston ilijumlisha alama milioni 2.1 kuwa hesabu moja. Watu wazima waliokuwa kwenye sehemu ya kumi ya juu kabisa walikuwa na wastani wa kilo 13 zaidi ya wale wa sehemu ya kumi ya chini. Kwa watoto wachanga, tofauti kati ya makundi ya namna hiyo ilikuwa ndogo mno. Ilikuja kujitokeza katika miaka ya utoto.

Hadi hapo muuzaji ana haki ya kujisifu. Lakini kilo 13 ni pengo kati ya wastani wa kundi na wastani wa kundi jingine, ilhali wewe unanunua jibu lako mwenyewe. Hata ndani ya kundi la juu kabisa wapo waliokuwa na uzito wa kawaida, na ndani ya kundi la chini wapo waliokuwa wanene. Kipimo bora kuliko vyote nilivyovisoma kilitangazwa Julai 2025 na timu ya Ruth Loos wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, kikitumia takwimu za watu zaidi ya milioni 5. Kwa Waingereza wenye asili ya Ulaya kilieleza asilimia 17.6 ya tofauti za BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) kati ya mtu na mtu. Zaidi ya asilimia 80 zilibaki nje ya hesabu hiyo.

Kwa watu wa vijijini nchini Uganda, kipimo hichohicho kilieleza asilimia 2.2 tu.

Msomaji wa Kiswahili aisome namba hiyo mara mbili kabla ya kutoa kadi ya benki. Sababu yake inaeleweka. Mara nyingi vipimo hivi havisomi herufi yenyewe inayoongeza uzito, bali husoma alama iliyo jirani nayo kwenye DNA, kwa kutegemea kwamba majirani hao hurithiwa pamoja. Afrika ndiko binadamu wameishi muda mrefu kuliko kokote, na vipande vya DNA vimekatwa na kuchanganywa kwa vizazi vingi zaidi. Jirani aliyekaa pale kwa Mwingereza huenda kwa Mganda, Mtanzania au Mkongo alishahama. Aidha, sehemu kubwa mno ya watu waliochunguzwa katika tafiti za aina hii ni wenye asili ya Ulaya. Mradi wa AWI-Gen, unaochunguza vinasaba vya Waafrika na uliowapima hata wakazi wa Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, umeanza kuziba pengo hilo, lakini bado ni pana. Kwa hiyo familia ya Kitanzania iliyohamia London ikilipa bei ileile aliyolipa jirani yake Mwingereza, inapokea bidhaa duni. Kampuni inayouza bila kulieleza hilo waziwazi, mahali mnunuzi ataona kabla ya kulipa, inamkosea mnunuzi huyo.

Mazingira nayo yana neno. Katika utafiti wa Framingham, Marekani, uhusiano kati ya FTO na uzito haukuonekana kwa waliozaliwa kabla ya mwaka 1942. Kwa waliozaliwa baadaye ulikuwa wazi. Norway nako, watu wenye vinasaba vya hatari waliachana kwa uzito na wenzao zaidi na zaidi kadiri miaka ilivyosogea kutoka ya 1960 kuja ya 2000. Vinasaba vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni chakula, magari na kazi za kukaa. Utafiti mwingine uliojumuisha watu wazima zaidi ya 218,000 ulionyesha kwamba kwa wanaoushughulisha mwili, athari ya FTO hupungua kwa karibu robo.

Sasa tupange chaguo mezani, tukianza na lile la bure. Waulize wazazi, shangazi na wajomba: nani alinenepa, akiwa na umri gani, nani ana kisukari, nani ana shinikizo la damu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 ambaye mzazi wake ni mnene ana hatari zaidi ya maradufu ya kuwa mtu mzima mnene. Historia ya ukoo inabeba vinasaba vyote, vinavyojulikana na visivyojulikana, na inabeba pia mazoea ya jikoni. Wala haijali kama babu yako alitoka Kigoma au Kent.

La pili ni futi ya fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya mbavu ya mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya afya ya Uingereza, unashauri kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 164 abaki chini ya 82. Ukiongeza kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari kwenye kituo cha afya, unajua hali ya mwili wako ilivyo leo, na unaweza kurudia baada ya miezi mitatu uone kama umesogea. Majibu ya vinasaba hayasogei. Ni yaleyale uzito ukipanda au ukishuka.

La tatu ni kile kichupa cha mate cha dola mia moja hadi mia mbili. Nimeshaeleza kinachotoa. Watu wengi wanatumaini kwamba, hata kama jibu ni hafifu, litawapa ari. Ushahidi haujaunga mkono tumaini hilo: Wamarekani zaidi ya 2,000 walionunua kipimo cha hatari za maradhi walifuatiliwa na taasisi ya Scripps, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuonyesha badiliko la maana katika ulaji wao wa mafuta wala mazoezi. Nina hofu pia na upande wa pili, mtu anayeambiwa ana hatari ndogo akaacha kujali, au anayeambiwa ana hatari kubwa akakata tamaa. Kwa huyu wa pili kuna habari njema. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa majaribio nane yaliyojumuisha watu 9,563 uligundua kwamba wenye herufi ya hatari ya FTO hupungua uzito sawa na wengine wakibadili ulaji, wakifanya mazoezi au wakitumia dawa.

La nne, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea, ni mpango wa chakula kulingana na DNA. Dai lake ni kwamba mwili wako umeumbwa kula wanga kidogo na wa mwenzako mafuta kidogo, na kwamba vinasaba vitatuambia nani ni nani. Dai hilo limejaribiwa. Christopher Gardner wa Stanford aliwagawa watu 609 kwa kura, nusu wapunguze mafuta na nusu wapunguze wanga, kwa miezi 12. Matokeo yalitoka mwaka 2018: kundi la kwanza lilipungua wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6.0, na kujua kama vinasaba vya mtu vililingana na chakula alichopangiwa hakukusaidia kubashiri nani angefanikiwa. Huko Ulaya, jaribio la Food4Me katika nchi saba liliwapa watu ushauri wa chakula uliowalenga wao binafsi. Walikula vizuri zaidi kuliko waliopewa ushauri wa jumla. Lakini waliopewa ushauri huo pamoja na majibu ya vinasaba hawakuwashinda waliopewa bila vinasaba.

Kwa mnunuzi matokeo hayo yanaonyesha wapi pa kuweka pesa. Kilichosaidia ni mtu kukaa na wewe, kuuliza unakula nini hasa, na kukupangia kwa kufuata maisha yako. Kama una dola 150, zipeleke kwa mtaalamu wa lishe, tena uzigawe kwa mahudhurio kadhaa. Utafiti ule wa Copenhagen unaongeza jambo: katika programu za kubadili mwenendo wa maisha, wenye alama ya juu ya vinasaba walipungua zaidi mwaka wa kwanza, lakini msaada ulipokoma ndio walioelekea zaidi kurudisha kilo. Mtaalamu wa kukuona mara kwa mara kwa mwaka mzima na zaidi ana thamani kuliko taarifa nene ya kurasa 40 unayoisoma mara moja.

Sindano za kupunguza uzito ni hesabu nyingine, na hazihitaji kipimo hiki. Wegovy ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2021, bei yake rasmi ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Katika jaribio lake kuu watu walipungua wastani wa asilimia 14.9 ndani ya wiki 68, na mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Anayeipigia hesabu aipige kwa miaka.

Kuna gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Mwaka 2023 wadukuzi walichukua taarifa za wateja karibu milioni 6.9 wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwanasheria Mkuu wa California alikuwa ameshawakumbusha wateja haki yao ya kufuta taarifa na kuagiza sampuli ziteketezwe. Baadaye mali za kampuni zilinunuliwa kwa dola milioni 305. Nywila ikiibwa unaibadilisha, lakini DNA huwezi kuibadilisha, na ni ya watoto na ndugu zako pia, ambao hukuwauliza. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2008 inazuia bima ya afya na waajiri kukubagua kwa vinasaba, ila haigusi bima ya maisha. Aliyeko Tanzania ajue kwamba kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 na msimamizi wake ni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Aulize huko kabla ya kutuma sampuli nje.

Yupo mtu mmoja ambaye ningemwambia atafute kipimo bila kusita: mzazi wa mtoto aliyenenepa kupita kiasi kabla ya kufika miaka mitano na ambaye njaa yake haishi, anayeamka usiku kutafuta chakula na kulia akinyimwa. Hapo hatuzungumzii tena alama maelfu zinazojumlishwa, bali jeni moja iliyoharibika, na kipimo chake ni cha hospitali. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge waligundua watoto wawili, binamu wa familia yenye asili ya Pakistan, waliokosa homoni ya leptini. Mmoja wao alipoanza kudungwa leptini, njaa ilitulia na uzito ukashuka. Dawa ya setmelanotide, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2020, inatibu aina nyingine chache za hitilafu hizi. Ni ghali mno, lakini nchini humo mtengenezaji wake amekuwa akigharamia kipimo kwa wanaokidhi vigezo. Mweleze daktari kama mtoto alizaliwa na vidole vya ziada, kama haoni vizuri usiku, au kama wazazi wana undugu wa damu. Na nenda na kadi yake ya kliniki ya tangu kuzaliwa, kwa sababu mstari wa uzito uliopanda ghafla miaka ile ya mwanzo ndio daktari atakaotaka kuuona kwanza.