Brashi Inayofika Kwenye Mzizi wa Spoku

Gurudumu la pikipiki huchafuka zaidi mahali ambapo mkono hauingii. Tairi na rimu huonekana, kwa hiyo hupata maji, sabuni na nguvu zote za mwoshaji. Kitovuni, ambako spoku hupishana na kubanana, matope ya juzi hukaa chini ya matope ya jana. Kwenye barabara ya Taifa namba 5, ile inayotoka Uvira ikipita Makobola na Mboko kwenda Baraka, jambo hili si la urembo. Pikipiki hapa inabeba mama mjamzito anayekwenda kujifungua, inabeba gunia la muhogo, bidoni za mawese na ndakala wa ziwani. Uzito wote huo umeshikwa na vijiti vyembamba vya chuma ambavyo mwenyewe huvitazama mara chache.

Pikipiki nyingi za kazi huwa na spoku 36 kwa kila gurudumu. Spoku hufanya kazi kwa kuvuta: kila moja imekazwa kati ya kitovu na rimu, na zote pamoja zikivutana sawasawa ndizo zinazolifanya gurudumu liwe mviringo na lenye nguvu. Mwaka 1874 Mwingereza James Starley alisajili hataza ya gurudumu la baiskeli ambalo spoku zake hazichomoki wima kutoka kitovuni, bali zinalala upande na kupishana, ili ziweze kuhimili nguvu ya kuzungusha gurudumu. Pikipiki zetu bado zinafuata mpangilio huo. Ni mpangilio mzuri sana, ila unaacha nafasi finyu karibu na kitovu, na hapo ndipo udongo mwekundu wa barabara unapojishindilia.

Udongo huo ukikauka juu tu, ndani hubaki na unyevu. Unyevu unakula utando wa zinki unaoikinga spoku, kisha unaanza kula chuma chenyewe, hasa mahali pawili: pale spoku inapopinda kuingia kitovuni, na pale nati yake ndogo inapokaa kwenye rimu. Spoku iliyoliwa kwenye pindo hukatika ghafla. Ile ambayo nati yake imeshikana kwa kutu haiwezi kukazwa tena, na fundi akiilazimisha, inakatika mkononi mwake. Kwa hiyo ninapoulizwa ninunue brashi gani, jibu langu huanza na nafasi inayotakiwa kusafishwa. Pima kwanza kwa vidole.

Panapoingia vidole viwili au zaidi, sifongo au kitambaa laini chenye maji mengi kinatosha. Huko ni kati ya kitovu na rimu, na ndani ya rimu yenyewe. Panapoingia kidole kimoja, tumia brashi ya kupakia rangi ya ukuta, ile ya mpini wa mbao. Punguza nywele zake kwa mkasi zibaki kama sentimita tatu ili ziwe na nguvu kidogo, kisha zungushia mpira wa tyubu ya zamani kwenye bati linaloshika nywele hizo, kwa sababu bati hilo ndilo linalokwangua rimu. Brashi ndefu ya kuoshea chupa nayo inafaa sana kwa kupita kati ya spoku, mradi uangalie ncha yake: nyingi zina waya katikati, na waya huo ukichomoza unachora kama msumari. Ukiuona umechomoza, ukunje au tupa brashi.

Pasipoingia kidole hata kimoja, kuna vifaa viwili ninavyoviamini. Cha kwanza ni mswaki uliochakaa, ambao kichwa chake ni kidogo kiasi cha kufika kwenye pindo la spoku. Ukiupasha mpini joto na kuupinda taratibu, utafika hata nyuma ya kitovu, upande wa mnyororo. Cha pili ni utepe wa kitambaa wenye upana wa vidole viwili, wenye urefu wa mkono. Uloweshe kwa maji ya sabuni, upitishe nyuma ya spoku, shika ncha zote mbili, vuta huku na huku kama mng'arisha viatu anavyofanya. Hakuna brashi ya dukani inayoizunguka spoku pande zote namna hiyo. Dodoki likikatwa vipande virefu hufanya kazi hiyo hiyo kwa matope yaliyoganda, na linaota lenyewe kwenye ua.

Vipo vifaa ambavyo ningependa viondoke kabisa kwenye kazi hii. Brashi ya waya wa chuma inang'arisha kwa siku moja na kuondoa zinki kwa maisha yote. Kutu inayorudi baada yake huwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Mchanga wa ziwani, ambao akina mama husugulia sufuria vizuri sana, hauna kazi kwenye rimu. Hata brashi laini inageuka msasa ikiwa punje za mchanga zimebaki juu ya gurudumu, na kwa sababu hiyo maji lazima yatangulie. Mwaga, subiri matope yalainike, mwaga tena, ndipo usugue. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia brashi, na brashi ya magurudumu isiguse tangi wala kiti.

Kwa gari, mambo yanabadilika kidogo. Land Cruiser yenye rimu za chuma zenye matundu ya mviringo haina shida: brashi ya chupa inaingia tunduni na kusafisha upande wa ndani. Shida iko kwenye magari madogo yenye rimu za alumini, zenye mikono mingi myembamba inayokaribiana. Ule unga mweusi unaoonekana kwenye rimu za mbele unatoka kwenye breki. Una chembe za chuma, na chembe hizo zikipata joto na maji hushika kutu zikiwa zimekwisha jibandika kwenye rangi. Ukizisugua kila juma zinatoka kwa sabuni ya kawaida; ukiziacha mvua zote za masika, zitaacha madoa yasiyofutika. Hapa tumia kijiti chembamba cha mbao kilichofungwa kitambaa laini, maana mbao haichubui alumini. Na gurudumu liwe limepoa. Diski ya breki iliyotoka mlimani ikiwa moto, ikimwagiwa maji ya baridi, inaweza kupinda.

Sabuni iwe ya kawaida. Ile ya mawese inayopikwa nyumbani inafaa kwa spoku na rimu za chuma ikiwa imekomaa na haiwashi ngozi; yenye soda nyingi inaunguza alumini na kuiacha na ukungu mweupe. Asidi ya betri isikaribie gurudumu la aina yoyote. Grisi ya mnyororo inaweza kuondolewa kwa kitambaa chenye mazutu kidogo, lakini kiwe kitambaa tu. Wanaomwaga mazutu au esansi moja kwa moja wanayapeleka mpaka ndani ya breki, na breki yenye mafuta haishiki.

Sasa maji yenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, na pH yake inakaribia 9. Yakikaukia kwenye rimu huacha madoa meupe, kwa hiyo suuza mwisho kwa maji ya mvua ukiyapata, au ufute mara moja kwa kitambaa kikavu. Lakini lililo zito zaidi ni kuingiza pikipiki ziwani. Mafuta yanayotoka kwenye kitovu na mnyororo yanaelea pale pale ambapo watoto wanateka maji ya nyumbani, na kijana anayesimama miguu mitupu kwenye maji ya kina kifupi anajipa nafasi ya kupata kichocho. Bidoni mbili za lita 20 zinatosha kuosha magurudumu yote mawili ya pikipiki. Zibebe mpaka mahali pakavu, mbali na ufuko, uoshee hapo.

Gurudumu likiwa safi, chukua spana ndogo ugonge taratibu spoku moja baada ya nyingine huku ukilizungusha. Spoku iliyokazwa vizuri inalia kwa sauti kali. Iliyolegea inalia kwa sauti nzito, iliyokufa. Tia alama kwa uzi kwenye kila iliyolegea, ukamwonyeshe fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu mzigo wake umekwisha hamia kwa jirani zake. Tazama pia rimu kuzunguka kila nati kama kuna ufa mwembamba, ambao matope huuficha kabisa. Kisha tia tone moja la mafuta ya injini kwenye kila nati, upande wa spoku, ufute yanayobaki yasifike kwenye tairi.

Breki za ngoma hubaki na maji ndani baada ya kuoshwa. Kabla ya kupakia abiria, endesha polepole mita mia mbili au tatu ukiminya breki kidogo kidogo, mpaka uzisikie zinashika kama kawaida.