Leonardo da Vinci na Mashua Isiyohitaji Upepo

Wapenzi wa sanaa humfahamu Leonardo da Vinci, aliyezaliwa Italia mwaka 1452 na kufariki dunia huko Amboise, Ufaransa, mwaka 1519, kwa picha yake ya Mona Lisa. Askari hana budi kumfahamu kwa upande wa pili. Yapata mwaka 1482 aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Alijinadi humo kuwa fundi wa madaraja, wa mizinga, na wa merikebu zenye kustahimili mapigo ya mizinga mikubwa. Habari ya uchoraji aliitaja mwishoni tu.

Katika mkusanyo wa michoro yake uitwao Codex Atlanticus, uliohifadhiwa katika maktaba ya Ambrosiana mjini Milan, imo mashua yenye magurudumu ya makafi ubavuni. Baharia wake hashiki kasia. Hukanyaga vikanyagio viwili kwa zamu, na mwendo huo wa kwenda na kurudi hupokewa na ukanda pamoja na magurudumu yenye meno, ukageuzwa kuwa mzunguko wa upande mmoja usiokatika. Hapo ndipo ilipo akili yote ya mtambo huo. Kasia hupoteza wakati kila linaporudishwa nyuma, ilhali gurudumu huwa na kafi jingine majini kabla la kwanza halijatoka.

Wako wanaomsifu kupita kiasi kwa jambo hili. Wachina walikuwa wamekwisha kutumia merikebu za magurudumu ya kukanyagwa katika vita vya Caishi, kwenye Mto Yangtze, mwaka 1161. Na kitabu cha vita cha Roberto Valturio, kilichopigwa chapa mwaka 1472, kilikuwa na picha za vyombo vya namna hiyo. Leonardo alichofanya ni kuichunguza mashine kiungo kwa kiungo. Hata hivyo, mtu afanyapo kazi kwa saa nyingi hutoa takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu ya farasi mmoja, na hakuna meno ya gurudumu yawezayo kuiongeza nguvu hiyo. Gurudumu lilingoja mvuke. Nalo halikudumu vitani: mwaka 1845 manowari ya Uingereza Rattler, yenye rafadha, iliikokota kinyumenyume Alecto, ya magurudumu, ingawa zote mbili ziliendesha mitambo yao kwa nguvu.

Lakini liko jambo lililonigusa zaidi kuliko magurudumu. Mwaka 1500 Leonardo alifika Venice, wakati dola hiyo ikipigana na Waturuki, naye alishughulikia zana za kumwezesha mtu kukaa chini ya maji. Baadaye, katika daftari liitwalo Codex Leicester, aliandika kwamba njia yake ya kukaa humo muda mrefu hataitangaza, kwa sababu ya ubaya wa wanadamu, ambao wangetoboa merikebu kutoka chini na kuzizamisha pamoja na watu waliomo. Ni mtu yule yule aliyekuwa akiwauzia watawala mizinga, na ambaye mwaka 1502 alimtumikia Cesare Borgia kama mhandisi wa vita. Mimi, niliyefunzwa kutii amri, sioni unafiki hapo. Nchi kavu adui humwona anayemjia. Baharia aliyelala chumbani mwake haoni kitu.

Michoro ilirithiwa na mwanafunzi wake, Francesco Melzi. Codex Atlanticus haikupigwa chapa yote hadi kati ya mwaka 1894 na 1904, wakati nyambizi zilipokuwa zimekwisha kuanza kuundwa viwandani.