Nguchiro Wazaao Usiku Mmoja

Kabasa si mbali na Serengeti, na huenda umepata kuona kundi la nguchiro miraba wakichakura ardhi kutafuta mende, huku wakiitana kwa sauti ndogo. La ajabu ni uzazi wao: mara nyingi majike wa kundi huzaa usiku mmoja, katika shimo moja.

Kwa nini? Nguchiro wa Mweya, nchini Uganda, wamechunguzwa tangu mwaka 1995, ikaonekana kwamba watoto watanguliao kuzaliwa peke yao huuawa zaidi na majike wenzake mama yao. Bali wakizaliwa pamoja, ni vigumu mama kumtambua wake, basi hunyonyeshwa bila ubaguzi. Surikati wa kusini mwa Afrika, yule asimamaye wima, ambaye watu humtazama sana katika bustani za wanyama za Ulaya, hana salama hiyo: jike mkuu aweza kuwaua watoto wa wenziwe.

Watokapo shimoni, watoto wengi hujichagulia kila mmoja mkubwa wake wa kumfuata, ambaye pengine si mzazi wake. Huyo humlisha, naye mtoto hujifunza kwake kutafuta chakula. Na mtoto mwingine akimkaribia mlezi huyo, hufukuzwa kwa meno!