Kupaliwa kwa Mzee Aliyetibiwa Saratani ya Koo Si Uzee Pekee

Kumeza tonge moja huhitaji zaidi ya misuli 30 ya kinywa, ulimi na koo ifanye kazi kwa mpangilio. Ulimi husukuma tonge nyuma, zoloto hupanda, na njia ya hewa hufungwa kwa muda mfupi ili chakula kielekee tumboni badala ya mapafuni.

Umri unaposonga, misuli hiyo hupungua nguvu, meno hung'oka, na njia ya hewa huchelewa kufungwa. Mzee mwenye afya njema huweza kufidia upungufu huo kwa kula polepole. Kwa aliyewahi kuugua saratani ya kinywa, koo au zoloto, hali huwa ngumu zaidi. Upasuaji huweza kuondoa sehemu ya viungo vya kumezea, na tiba ya mionzi hupunguza mate na kukakamaza misuli ya shingo. Kukakamaa huko huweza kuongezeka miaka mingi baada ya tiba. Kwa hiyo, aliyetibiwa akiwa na miaka 55 huenda akaanza kusumbuka akiwa na miaka 65, uzee nao ukiwa umefika.

Hatari kubwa ni chakula au kinywaji kuingia mapafuni na kusababisha nimonia. Wengine hawakohoi kabisa, kwa kuwa hisia za koo zimefifia. Familia izingatie dalili hizi: kupaliwa mara kwa mara, sauti yenye majimaji baada ya kula, mlo kuchukua muda mrefu, kukonda, na homa za kifua zinazojirudia.

Mgonjwa aketi wima anapokula, ale matonge madogo ya chakula laini, na asilale mara baada ya mlo. Kinywa kisafishwe kila siku. Asihimizwe kusukumia tonge kwa maji mengi, kwani maji hutiririka upesi na huweza kuingia njia ya hewa.

Wakazi wanashauriwa kumfikisha mgonjwa wa aina hiyo katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakiwa na kumbukumbu zake za matibabu. Mtoa huduma aelezwe kwamba mgonjwa aliwahi kupata mionzi, hata kama ni zamani, ili aamue kuhusu rufaa. Mazoezi ya kumeza yanayoelekezwa na mtaalamu huweza kusaidia, hasa yakianza mapema.