Nyumba kuukuu ilivyotaka kumeza mtaji wa dagaa

BUKOBA. Siku fundi mwashi alipoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo ya Hamugembe, hakuuliza ina vyumba vingapi. Alisimama sebuleni, akatoa nyundo ndogo na kuanza kugonga ukuta polepole, kutoka chini kwenda juu, huku mama mwenye nyumba akimfuata na daftari mkononi. Sehemu nyingine zilitoa mlio mzito. Nyingine zililia kama debe tupu.

"Mama, hapa lipu imeachana na ukuta," alisema. "Tuitoe tuone kilichoko ndani."

Ndani kulikuwa na matofali ya kuchoma, mekundu na mazuri, ila yalikuwa yamepangwa kwa udongo badala ya saruji. Kutoka kwenye kona ya dirisha, ufa ulipanda mshazari hadi karibu na dari. Ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha sarafu.

Mama huyo anajulikana na wafanyabiashara wengi wa njia ya Bukoba–Mutukula. Hununua dagaa wakavu kwenye mialo ya Ziwa Victoria, akawavusha mpakani na kuwauza Masaka. Mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa miaka tisa, wakiwa na watoto watatu, walipopata nyumba hiyo kutoka kwa msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Bei ilikuwa nafuu, na dalali aliwaambia inahitaji rangi tu na kubadilisha vitasa.

Ufa ule haukuwa siri kwa majirani. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, majira ya saa tisa na nusu alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya, na upande wa Uganda nyumba zilianguka wilayani Rakai. Baada ya hapo, wenye nyumba wengi walijenga upya. Wengine waliziba nyufa kwa lipu, wakapaka rangi na kuendelea na maisha. Nyumba hii ilikuwa katika kundi hilo la pili.

Kubomoa au kutengeneza

Fundi wa kwanza alishauri nyumba yote ibomolewe. Ni ushauri unaotolewa mara nyingi, na si kila mara kwa sababu ya usalama, maana kazi ya kujenga upya ina malipo makubwa kuliko ya kukarabati. Wa pili, mzee aliyefanya kazi nyingi baada ya tetemeko, alitaka wasubiri kwanza. Alibandika vipande vyembamba vya kioo juu ya kila ufa, akavishika kwa saruji pande zote mbili na kuandika tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Kisipovunjika, ufa ni kovu la zamani.

Walisubiri miezi miwili, kodi ya vyumba vya kupanga ikiendelea kulipwa. Mwalimu alilalamika. Mama naye alikuwa akipita kila anaporudi kutoka safari, anawasha tochi ya simu na kukagua vioo kimoja kimoja.

Vya sebuleni na vya vyumba vya mbele vilibaki vizima. Vya ukuta wa nyuma, upande wa jiko, vilivunjika viwili, vyote baada ya mvua kubwa. Hapo fundi akachimba pembeni mwa msingi na kukuta udongo umelainika kama uji. Paa halikuwa na mfereji wa kukinga maji. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na paa la nyumba hiyo lina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 100. Hizo ni lita zisizopungua 200,000 kila mwaka, na nusu yake ilikuwa ikimwagika kwenye mguu wa ukuta ule ule kwa miongo kadhaa. Tetemeko lilikuwa likilaumiwa kwa kosa la maji.

Basi ukuta wa nyuma ukabomolewa na msingi wake kujengwa upya kwa mawe. Kuta nyingine zilibaki. Kazi hiyo ilihitaji kibali cha manispaa, kwa kuwa kugusa kuta zinazobeba paa si sawa na kupaka rangi, na mhandisi aliyekuja kukagua ndiye aliyesisitiza jambo ambalo nyumba haikuwa nalo kabisa: mkanda wa linta unaozunguka kuta zote, za nje na za ndani, bila kukatika. Bila mkanda huo, ardhi ikitikisika kila ukuta hucheza peke yake na kona huachana.

Nondo, saruji na hesabu ya mpakani

Hapa ndipo daftari la mama lilipoanza kufanya kazi. Nyumba ina mita 12 kwa 9, hivyo mzunguko wake ni mita 42. Kuta za ndani zinaongeza mita 24. Jumla ni mita 66 za mkanda wenye nondo nne za milimita 12. Hiyo ni mita 264, yaani nondo 22 za mita 12, na ukiweka za kupishania kwenye maungio na kona zinafika 25. Zege lake ni karibu mita tatu za ujazo, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne linakula takriban mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Hapo hujagusa ringi, mbao za kufungia zege wala mafundi wa kuezua na kuezeka upya.

Gari linalopeleka dagaa Masaka hurudi na nafasi. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anajua kishawishi hicho. Kwa nini usipakie nondo, mabati na marumaru ukiwa njiani kurudi?

Mama alikaa na karani wa forodha wa pale Mutukula, kwenye kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2017, akauliza kabla ya kununua. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kuvuka bila ushuru wa forodha, mradi bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya, imo kwenye orodha iliyokubaliwa na ina cheti rahisi cha uasili, ambacho hutolewa mpakani bila malipo. Lakini msamaha huo ni wa ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani haimo. Wengi hushtuka hapo, wanadhani wameonewa, kumbe hawakusoma mpaka mwisho.

Marumaru alizozipenda dukani Masaka zilikuwa zimetoka China. Kuzinunua Uganda hakuzifanyi ziwe za Uganda, kwa hiyo cheti hakikuwezekana. Akaziacha.

Nondo na saruji alinunua Bukoba. Bidhaa nzito yenye bei ndogo kwa kilo humalizwa na usafiri na upakuaji, hata kama bei ya dukani ng'ambo inavutia. Alichovusha ni mabati, ambayo ni mepesi kwa thamani yake, yametengenezwa Uganda na yana alama ya ubora ya shirika la viwango la huko, UNBS, ambayo nchi wanachama zimekubaliana kuitambua. Alivuka na risiti, cheti na mzigo mmoja. Kuna wanaougawa mzigo mmoja kwa watu wanne ili kila kipande kionekane kidogo, na kuna wanaopitia njia za panya. Bati likikutwa na matundu baada ya hapo, wa kumrudishia hawana.

Kwenye nondo alifanya jambo moja ambalo muuza duka hakulipenda. Alipima. Nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Katika duka la kwanza alilokwenda, nondo zilizoandikwa 12 zilipungua zaidi ya kilo moja kila moja. Aliondoka bila kugombana, akaenda duka jingine na mizani ile ile anayopimia magunia ya dagaa.

Mwezi wa nne karibu umvunje. Paa lilikuwa limeezuliwa, mkanda umemwagwa, mvua za masika zimeanza na akiba ya ukarabati imekwisha. Mafundi walidai wiki mbili. Mume akapendekeza wachukue kidogo kwenye hela za dagaa, warudishe mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Mama alikubali mara moja, kwa magunia manane. Safari iliyofuata akapeleka mzigo pungufu, na mteja wake wa Masaka, ambaye alikuwa amenunua kwake kwa miaka sita, akajaziwa na mtu mwingine kutoka mwalo mwingine.

"Dada, mimi nina wateja wangu wanaonisubiri," mteja alimwambia kwenye simu. Hakukasirika, na ndicho kilichomuuma mama.

Jioni hiyo waliketi wawili kwenye mifuko ya saruji na kufuta mambo. Marumaru, zikafutwa. Dari ya jipsamu, ikafutwa. Madirisha ya aluminiamu yakafutwa pia, na yale ya mbao ya zamani yakapelekwa kwa seremala kupigwa randa, na ikaonekana ni mvule mtupu chini ya rangi. Watoto walizuiwa kuingia wakati wa kuikwangua, na mbao zilikwanguliwa zikiwa zimeloweshwa, maana rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi na vumbi lake si la kuvutwa na mtoto. Waya za umeme hazikufutwa. Zilikuwa zimeliwa na panya, na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA alizitoa zote.

Lipu mpya nayo ilikuwa na masharti. Ukuta uliopangwa kwa udongo ukifunikwa kwa saruji kali hufungia unyevu ndani, kisha lipu hubanduka tena. Fundi mzee alitumia saruji moja, chokaa moja na mchanga sita, baada ya kukwangua maungio ya matofali na kuyajaza upya. Kwenye ufa wa sebuleni alichimba mifereji ya kulala, akashona pande mbili kwa vipande vya nondo.

Walihamia mwezi wa saba. Sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa, vyumba viwili havina milango bali mapazia, na mita ya LUKU bado ina jina la marehemu, jambo ambalo mwalimu anaahidi kulishughulikia likizo ijayo. Mfereji wa kukinga maji upo pande zote mbili na unaingia kwenye tangi.

Mteja wa Masaka amerudi kununua, lakini nusu tu ya mzigo wa zamani. Nusu nyingine bado iko kwa yule wa mwalo mwingine, na mama ameshusha bei kidogo kuipigania.

Sebuleni, juu ya lipu mpya na mahali ufa ulipokuwa, fundi aliacha kipande kimoja cha kioo na tarehe ya penseli. Mtoto wa mwisho ndiye mkaguzi sasa. Jumapili jioni, mama akifunga magunia ya safari ya alfajiri, mtoto alipanda kwenye kigoda, akakitazama kwa karibu na kupaza sauti kuelekea uani kwamba bado ni kizima.